Seva inaganda huku CPU imelala: thredi ngapi zinatosha?

*"Injinia, habari za kazi. Ninahudumia mfumo wa tiketi wa kampuni ya mabasi hapa Kampala. Tunauza viti vya kwenda Gulu, Arua, Mbarara na Nairobi kwa mtandao, mteja analipa kwa pesa za simu. Seva ni moja ya kukodi: viini vinne, kumbukumbu ya GB 8, na ndani yake tumeweka Tomcat inayoendesha programu yetu ya Java, na hifadhidata ya PostgreSQL. Siku za kawaida haina neno. Lakini wiki ya Krismasi, kuanzia saa kumi na moja jioni, ukurasa ulikuwa unazunguka tu hadi mteja anakata tamaa. Hata ratiba ya mabasi haikufunguka. Nikaangalia CPU: asilimia 15. Nikapandisha maxThreads, ule ukomo wa thredi za Tomcat, kutoka 200 hadi 800, ikatulia robo saa, ikaganda tena. Nikaweka 2000 na kuongeza miunganisho ya hifadhidata hadi 300, PostgreSQL ikaanza kukataa ikisema wateja wamezidi. Kibaya zaidi, kuna abiria walikatwa pesa na tiketi haikutoka, kwa sababu uthibitisho wa malipo ulikuwa unaingia umechelewa sana. Bosi anasema tununue seva kubwa. Rafiki yangu wa Nairobi anasema tuhamie seva ya wavuti ya Nginx kwa sababu haina thredi. Msimbo wetu uko hivi: mteja akibonyeza 'Lipa', tunashika kiti, tunatuma ombi la malipo, kisha tunaangalia kila sekunde mbili kama uthibitisho umeshaingia, hadi dakika moja na nusu. Pasaka inakuja. Niweke thredi ngapi?"*

Ndugu yangu, umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, na sentensi uliyoiweka mwishoni, ile ya kuangalia kila sekunde mbili, ndiyo iliyobeba ugonjwa wenyewe. Umeniuliza idadi na nitakupa idadi. Lakini ukiibandika leo bila kugusa sehemu hiyo ya msimbo, Pasaka itakukuta pale pale Krismasi ilipokuacha.

Wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii tukiamini kwamba thredi ni nguvu, kwamba ukiziongeza seva inakimbia. Nguvu yako ni vile viini vinne ulivyokodi. Thredi ni mikono inayopokea kazi za watu. Simama jioni moja Wandegeya mbele ya muuza rolex, ile chapati ya mayai, umtazame. Jiko moja, kikaango kimoja. Anavunja mayai mawili kwenye kikombe, anakatia nyanya na kabichi, anakoroga, anamimina, anatandika chapati juu, anageuza, anakunja, anakukabidhi. Kikaango ndicho CPU yako. Akileta vijana wanane wa kumsaidia, kikaango hakizai cha pili. Watasukumana tu kukigombania.

Sasa chukua hali nyingine. Wale vijana wanane wapo, lakini tajiri amewapa sharti: ukishapokea oda ya mtu, usipokee nyingine mpaka huyo amalize kulipa. Wateja wanane wanatoa simu. Mmoja anakosea PIN. Mwingine mtandao umepotea. Wa tatu anampigia mume wake amtumie pesa kwanza. Vijana wote wamesimama wakitazama simu za watu, kikaango kimepoa, na foleni inafika barabarani. Mtu aliyekuja kuuliza bei tu naye hana wa kumjibu. Hiyo ndiyo seva yako saa kumi na moja jioni, na ndiyo maana CPU ilikuwa asilimia 15 wakati kila kitu kimeganda. Kikaango kipo, kijana wa kukisogelea ndiye hayupo.

Ndani ya Tomcat mambo yanakwenda hivi. Muunganisho wa mteja na thredi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi wanavichanganya. Katika matoleo ya sasa Tomcat inakubali kushika miunganisho 8,192 kwa wakati mmoja usipobadilisha kitu. Simu iliyounganishwa bila kuuliza lolote haili thredi. Ombi linapoanza kufika ndipo linapewa thredi moja, na thredi hiyo inakaa nalo mpaka jibu litoke. Ikifika 200 zote zimeshikwa, ombi linalofuata linaingia kwenye foleni ya ndani, na kwa mipangilio ya kawaida foleni hiyo haina ukomo wake yenyewe. Mteja haoni kosa lolote, anaona ukurasa unazunguka. Akichoka anabonyeza tena, na ombi lake la kwanza bado limo kwenye foleni. Baadaye thredi italichukua na kumhudumia mtu ambaye alishaondoka.

Tupige hesabu. John Little, Mmarekani, alichapisha mwaka 1961 uthibitisho wa kanuni ambayo mafundi wa seva tunaitumia kila siku: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Tuseme jioni ya msimu watu 40 kwa sekunde wanafungua ratiba, na kila ukurasa unachukua sekunde 0.05. Hizo ni thredi mbili. Mbili tu! Sasa chukua wanaobonyeza "Lipa". Tuseme ni saba kwa sekunde, na kila mmoja anahitaji sekunde 30 kupata ujumbe, kuingiza PIN na kurudishiwa uthibitisho. Saba mara thelathini ni 210. Thredi zako 200 zimekwisha, na waliozimaliza ni watu saba kwa sekunde wanaotafuta PIN mifukoni.

Hapo bado hujafika kwenye shimo lenyewe, na nakuomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu nadhani ndiyo iliyowakata pesa abiria wako.

Uthibitisho wa malipo unakufikiaje? Mtoa huduma ya malipo anaipigia seva yako: anatuma ombi la HTTP kwenye anwani mliyompa. Ombi hilo linaingia kwa mlango ule ule wanaoingilia abiria. Linahitaji thredi ya Tomcat kama ombi lingine lolote. Na thredi zote ziko wapi? Zimelala, kila moja ikiamka baada ya sekunde mbili kuuliza hifadhidata, "uthibitisho umeingia?" Haujaingia. Utaingiaje, wakati aliyeubeba amesimama nje kwenye foleni akisubiri mmoja wa hawa wanaomsubiri yeye?

Tazama kinachofuata. Mteja aliyeingiza PIN vizuri, ambaye angemalizana na seva yako kwa sekunde 30, sasa thredi yake inamngojea mpaka ukomo wenu wa sekunde 90. Muda umeongezeka mara tatu, kwa hiyo uwezo wako umeshuka mara tatu. Thredi 200 gawanya kwa sekunde 90 ni malipo mawili na kidogo kwa sekunde. Sekunde ya 90 ikifika, msimbo unamwambia abiria malipo yameshindikana na kiti kinaachiwa. Dakika mbili baadaye uthibitisho unapata nafasi, unaingia, na unakuta hakuna kiti. Pesa imekatwa. Abiria anaamini mmemwibia, wewe unaamini mtoa huduma amechelewa, na huenda mtoa huduma alikupigia ndani ya sekunde chache, ukamwacha mlangoni.

Nilishawahi kukaa usiku mzima na mfumo wa aina hii, wa taasisi moja ya hapa mjini. Wao walikuwa wakipokea ada. Tulikuwa tumeshaandika barua kali ya malalamiko kwa upande wa malipo kabla mmoja wetu hajafungua logi (daftari la matukio) ya Nginx iliyokuwa mbele ya Tomcat na kulinganisha saa. Maombi ya uthibitisho yalikuwa yamefika kwa wakati wake, yote, na Tomcat ndiyo iliyokaa nayo zaidi ya dakika moja bila kuyagusa. Barua ile haikutumwa.

Kwa nini 800 ilikupa robo saa tu? Kwa sababu ulipanua chumba cha kusubiria na ukaacha kusubiri kuwe vile vile. Thredi 800 zilijaa kama zilivyojaa 200, zikachelewa kidogo tu kujaa. Na zikaja na mzigo wao: thredi 800 zinazouliza kila sekunde mbili ni maswali 400 kwa sekunde yanayoelekea PostgreSQL, na karibu yote jibu lake ni "bado". Ulipofika 2000, hifadhidata ndiyo ikawa mgonjwa.

Watu watakutisha kwamba thredi 2000 za Java zinakula GB 2 za kumbukumbu, kwa kuwa kila moja inatengewa staki, yaani nafasi yake ya kufanyia kazi, ya MB 1 kwenye Linux ya biti 64. Si hivyo hasa. Nafasi hiyo inatengwa kwenye anwani, lakini mfumo wa uendeshaji unatoa kumbukumbu halisi kadiri inavyoguswa. Kinachokula kumbukumbu kweli ni vitu ambavyo kila ombi linavishikilia linapokuwa hai: taarifa za abiria, matokeo ya maswali, kurasa zinazoandaliwa. Maombi 2000 yaliyoganda yana takataka 2000 ambazo Java hairuhusiwi kuzifagia, na mfagiaji anazidi kuhangaika bure.

Kwa upande wa PostgreSQL, ukomo wa kawaida ni miunganisho 100, na mitatu kati yake imewekwa akiba kwa msimamizi. Programu yako inabaki na 97. Wewe ukaiambia Tomcat iombe 300. Ilikuwa lazima ikataliwe. Na usikimbilie kupandisha ukomo huo, kwa sababu kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wa mfumo wa uendeshaji, na yote inagombania viini vile vile vinne pamoja na Tomcat. Swali la kujiuliza ni kwa nini ulihitaji 300. Nahisi mnafungua muamala wa hifadhidata (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa kwa pamoja) mnaposhika kiti, na hamuufungi mpaka malipo yaishe. Unaweza kuhakikisha mwenyewe jioni yenye shughuli kwa swali hili:

`SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;`

Ukiona mstari wa `idle in transaction` una idadi kubwa, basi hisia yangu ni sahihi. Hiyo ni miunganisho iliyoshikwa na mtu asiyefanya kitu, na mara nyingi ameshikilia na kufuli ya kiti.

Dawa yenyewe ni kuacha kusubiri ndani ya thredi. Mteja akibonyeza "Lipa", andika kwenye jedwali kwamba kiti namba fulani kimeshikwa na mtu fulani mpaka saa fulani, dakika kumi kuanzia sasa, kisha funga muamala. Tuma ombi la malipo. Huduma hizi zimeundwa kwa namna hiyo hiyo: ukituma ombi la kukusanya pesa kwa MTN MoMo, kwa mfano, jibu la papo hapo ni 202, yaani "nimelipokea, nitalifanyia kazi", na matokeo unayapata baadaye, kwa wao kukupigia au wewe kuuliza hali yake. Hakuna anayekudai usimame ukingoja. Ukishapata 202, mpe mteja ukurasa unaosema "Ingiza PIN kwenye simu yako" na uachie thredi. Kazi yote hiyo ni sehemu ya sekunde.

Kisha ukurasa ule ule, kwenye simu ya mteja, uwe unauliza seva kila sekunde nne au tano: "tayari?" Utasema bado kuna kuuliza. Ndiyo, lakini kila swali linachukua milisekunde chache na kuondoka. Wateja 210 wanaosubiri, wakiuliza kila sekunde tano, ni maombi 42 kwa sekunde. Kwa milisekunde 10 kila moja, zile thredi 210 zimegeuka kuwa chini ya nusu thredi. Sijui badiliko jingine katika mfumo wako litakalokulipa hivyo.

Uthibitisho unapoingia, uandike, toa tiketi, jibu haraka. Kila ombi la malipo liwe na namba yake ya kipekee, na uthibitisho ukija mara mbili kwa namba ile ile usitoe tiketi mbili. Na kwa kuwa kuna siku uthibitisho utapotea njiani, weka kazi ya pembeni yenye thredi mbili tu, inayopitia malipo yaliyokaa zaidi ya dakika moja bila jibu na kumuuliza mtoa huduma hali yake. Msimamo huo uandikeni kabisa: pesa ikithibitishwa baada ya kiti kuachiwa, mfumo utafute kiti kingine kwenye basi hilo au uanzishe kurudisha pesa, na mtu wa ofisini apate taarifa.

Naelewa kwamba huenda msimbo huo haubadiliki kabla ya Pasaka. Labda aliyeuandika ameshaondoka, labda mnaogopa kuugusa. Kuna bandeji, na nitakuwa mkweli kwamba ni bandeji. Katika `server.xml`, faili la mipangilio ya Tomcat, ongeza Connector (kipokea maombi) ya pili kwenye mlango mwingine, tuseme 8081, yenye maxThreads 10, na uthibitisho wa malipo uelekezwe huko peke yake. Kila Connector ina thredi zake mradi hujaziunganisha kwa Executor moja, yaani kundi moja la thredi, kwa hiyo hata zile za mbele zikijaa, aliyebeba uthibitisho ana mlango wake. Mpe pia miunganisho miwili au mitatu ya hifadhidata isiyoshirikiwa na wengine, vinginevyo ataingia ndani na kukwama ngazi ya pili. Hapo sekunde 90 zitarudi kuwa 30, na abiria watapata tiketi zao. Kwa mpango huo, maxThreads ya mlango mkubwa unaweza kuiweka 400 kwa msimu mmoja, ila hakikisha kwanza muamala haubaki wazi wakati wa kusubiri, la sivyo mia nne hao hawatapata miunganisho.

Sasa idadi uliyoomba, ukishaondoa kusubiri. Kanuni ya kuanzia ni hii: chukua uwiano wa muda wa kusubiri kwa muda wa kufanya kazi, ongeza moja, kisha zidisha kwa idadi ya viini. Ombi lenye milisekunde 20 za CPU na 60 za kusubiri hifadhidata, kwenye viini vinne, linakupa 4 × (1 + 60/20), yaani 16. Hifadhidata yako inakaa mashine hiyo hiyo, kwa hiyo viini si vyote vya Tomcat, na hesabu halisi ni ndogo zaidi. Mimi ningeanza na 60. Nazidisha kwa makusudi, kwa sababu hakuna jioni ambayo kila ombi linatii wastani, na thredi chache za ziada zisizo na kazi hazikugharimu kitu. Ukiiacha 200 ya kawaida pia hutakufa. Usiende 800.

Miunganisho ya hifadhidata ndiyo ya kubana kweli. Kama mnatumia HikariCP, maktaba ya Java inayotunza miunganisho ya hifadhidata, kiasi chake cha kawaida ni 10, na watunzaji wake wanapendekeza kuanza na viini mara mbili jumlisha idadi ya diski: kwako wewe ni 9. Watu hawaamini idadi ndogo hivyo mpaka waijaribu. Kwa maswali ya milisekunde 10, miunganisho 10 inaweza kubeba hadi maswali 1,000 kwa sekunde. Tahadhari moja: kama kuna sehemu ya msimbo inayoomba muunganisho wa pili wakati bado imeshika wa kwanza, maombi kumi yakikutana hapo yatanyongana yote. Itafuteni hiyo kabla ya kupunguza.

Na ukomo wa kusubiri uwe kila mahali. HikariCP inamweka anayeomba muunganisho hadi sekunde 30 kabla ya kumkatalia. Shusha iwe 3 au 5. Unapompigia mtoa huduma wa malipo, weka ukomo wa kuunganisha na wa kusoma jibu, kwa sababu maktaba nyingi za Java usipoziambia zitasubiri milele. Mteja anayeambiwa baada ya sekunde tano "mfumo una watu wengi, jaribu baada ya dakika moja" amehudumiwa vizuri kuliko anayezungushwa dakika mbili.

Rafiki yako wa Nairobi ana nusu ya ukweli. Nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, haitengi thredi kwa kila mteja. Mchakato mmoja unaangalia maelfu ya miunganisho na kushughulikia ile iliyo tayari. Lakini haiendeshi Java yenu. Msimbo unaolala sekunde 90 utalala vile vile nyuma yake, na Nginx ikikaa sekunde 60 bila kusikia kitu kutoka Tomcat itampa mteja kosa 504, yaani jibu limechelewa. Pamoja na hayo, iweke mbele ya Tomcat. Abiria wako wako njiani kuelekea Arua na mtandao wa kusuasua. Nginx inapokea ombi lao polepole mpaka likamilike, inalipeleka kwa Tomcat mara moja, inachukua jibu mara moja na kumpa mteja kwa kasi ya simu yake. Thredi zako haziwangoji watu wenye mtandao mbovu. Ratiba na picha zitolewe na Nginx yenyewe, zisifike Tomcat.

Bosi mwambie hivi kwa heshima: viini vinne vilikuwa vinafanya kazi asilimia 15. Vikiwa vinane vitafanya asilimia 7 na ukurasa utazunguka vile vile. Pesa hiyo, kama ipo, ningeitumia kuhamishia PostgreSQL kwenye mashine yake peke yake, na hilo nalo baada ya msimbo kurekebishwa na kupimwa.

Mtu atakuambia pia kuhusu thredi pepe zilizokuja rasmi na Java 21 mwaka 2023. Ni kitu kizuri, nazipenda. Maelfu yake yanaweza kusubiri bila kukalia thredi halisi. Kwako zingeficha ugonjwa. Maelfu ya wanaosubiri wangehamia kwenye foleni ya miunganisho kumi ya hifadhidata, na ungeniandikia tena.

Usiniamini kwa maneno matupu. Jioni mfumo ukianza kuwa mzito, toa picha ya thredi kwa `jstack` na namba ya mchakato, au `kill -3`. Jina linatisha lakini haiui, inaandika tu hali ya kila thredi kwenye `catalina.out`, faili la logi la Tomcat. Toa tatu, kwa kupishana sekunde kumi. Tafuta zinazoanza na `http-nio-8080-exec`. Zikiwa nyingi zimeandikwa `TIMED_WAITING` na mstari wa chini unataja `Thread.sleep` ndani ya darasa lenu la malipo, yote niliyosema hapa ni sahihi. Zikiwa zimesimama kwenye `HikariPool.getConnection`, miunganisho ndiyo imekwisha. Na usidanganywe na `RUNNABLE`: thredi inayosoma kutoka mtandaoni huandikwa hivyo hata kama imekaa tu ikisubiri upande wa pili ujibu. Soma mstari wa juu kabisa wa kila moja, ndipo utajua iko wapi.

Kabla ya Pasaka fanya jaribio la mzigo kwenye nakala ya mfumo, usiku, kutoka mashine nyingine. Tengeneza mtoa huduma bandia anayejibu 202, kisha baada ya sekunde 30 anaipigia seva yako kama afanyavyo yule wa kweli. Bila huyo wa bandia jaribio lako litafaulu na halitakuwa limekupima. Usiyaelekeze majaribio ya mzigo kwa mtoa huduma halisi, hata kwenye mazingira yake ya majaribio.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Picha za thredi zikionyesha `BLOCKED` nyingi zinazogombania kufuli ndani ya msimbo ambao hakuna aliyebaki anayeuelewa, tafuta mtu akae nawe siku mbili mbele ya mashine. Hiyo si kazi ya kuelekezana kwa barua. Vivyo hivyo kama vitabu vya malipo havilingani na tiketi kwa zaidi ya abiria wachache, aketi mhasibu wenu pamoja na mtu anayeijua hifadhidata. Unapomwita mtu wa nje, picha ya thredi unaweza kumpa ukishaikagua, lakini nakala ya hifadhidata au ya kumbukumbu yote ya Java ina majina na namba za simu za abiria, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe na kampuni yako. Mwiteni ofisini, afanyie kazi hapo.

Lakini kesho asubuhi, kabla hujagusa `server.xml`, fungua logi za wiki ya Krismasi. Toa orodha ya uthibitisho wote wa malipo ulioingia, ilinganishe na tiketi zilizotoka, na namba zinazobaki bila tiketi zipeleke kwa mhasibu pamoja na kiasi na tarehe. Wapo watu walisafiri Krismasi kwa nauli ya mara mbili, na wengine hawakusafiri. Wapigieni simu nyinyi kwanza, msingoje waje dirishani.